Ganda la Kupimia Ugoro

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Barua yako imefika. Hapa Kisesa tu wazima. Mjomba wako amehamia Igoma, na yule ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Unauliza kama maganda ya risasi za shotigani, anayoyaacha mlinzi wenu akifukuza ndege kwenye mpunga, yana mnunuzi. Waulize wauza ugoro wa huko, ila yaoshe kwanza, yananuka baruti.

Mimi nilipokuwa msichana, baba alikuwa mwindaji wa kanga. Nilipeleka maganda yake kikapu kizima kwa mafundi wa vyuma, wakanicheka. Aliyeyataka ni mama mmoja muuza ugoro gulioni, kwa sababu ganda likijaa ni kipimo kizuri. Nikabakiza moja, nami nikaanza kuuza ugoro.

Biashara ilipochanganya, nikakandika nta kidogo ndani, chini kabisa. Kwa nje ganda lilikuwa lilelile. Mzee mmoja, mteja wangu wa kila gulio, akapokea ugoro wake, akautazama kiganjani, akasema, "Asante, mwanangu."

Gulio lililofuata alikuja tena, akanisalimia vizuri tu, akauliza habari za baba. Kisha akatoa mfukoni ganda lake mwenyewe.

"Nipimie kwa hili."

Nta niliitoa siku ileile. Mzee hakuacha kununua kwangu mpaka alipofariki, na kila gulio alikuja na ganda lake.

Ni mimi bibi yako.