Onyo Nililolifumbia Macho

Mpendwa dada Rukia,

Naandika nikiwa chumba chetu kile cha Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Mwaka wa pili sasa tangu tukuzike.

Unaikumbuka siku ya zahanati ya Ilala. Ilikuwa miaka ile kila mtu mjini anafungua biashara yake, nasi tukafungua yetu: tulitengeneza vifurushi vya programu za Linux, tukaviweka kwenye sidii kwa ajili ya zahanati za binafsi zilizokuwa zikianza. Uliandika sheria moja tu ndani ya faili la kujengea programu: kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa programu, ikitoa onyo lolote, kazi isimame mpaka tujue sababu.

Asubuhi moja ulikwenda Magomeni kumwona mama, ukaniachia programu ya kuhesabu matone ya dripu. Kompaila ikasimama na kuonya: uzito huenda ukatumika kabla haujapewa thamani. Nilielewa. Mtu akisahau kuingiza kilo za mgonjwa, programu itaokota namba yoyote iliyobaki ndani ya kompyuta. Lakini mtu wa zahanati alikuwa ameketi mbele yangu, anatazama saa. Nikaifuta sheria yako, kifurushi kikakamilika, nikampa sidii yake.

Siku ya tatu muuguzi wao, Sista Salome, akapiga simu.

"Nina mtoto hapa anavimba uso. Matone niliyopewa na mashine yenu ni ya mtu mzima. Njooni."

Tulitoka mbio. Mikokoteni ilikuwa imeziba njia, ukavua viatu ukakimbia peku kwenye lami ya moto. Tulimkuta Sista ameshasimamisha dripu. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake, anahema kwa shida, na yule mama anatutazama tu. Uliketi kwenye mashine, ukaandika jina bila uzito. Ikatoa jibu bila kusita.

"Kompaila haikusema kitu?" uliniuliza kwa sauti ya chini.

"Haikusema."

Ukamgeukia yule mama. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Tulikaa pale hatuwezi hata kunywa maji. Alasiri mtoto akakojoa, pumzi ikatulia, akatafuta ziwa. Ndipo mama yake alipolia. Wewe ulitoka nje ukasimama ukutani, na mimi sikukufuata.

Uliirekebisha programu siku ile ile. Hatukulizungumza tena.

Wiki iliyopita nilimtafuta Sista Salome. Amestaafu. Nilimsimulia yote, nikingoja anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada yako alirudi kwangu siku chache baadaye," akasema. "Alikuwa amekuta ile sheria imefutwa. Nikamwambia, sasa mbona humuulizi mdogo wako? Akasema, 'Nilishamuuliza. Ataniambia mwenyewe.'"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikuona hata njia. Nimekumbuka asubuhi zote zile ulizonimiminia chai, ukakaa kimya kidogo kabla ya kuwasha kompyuta. Nilidhani unawaza mambo yako. Kumbe ulikuwa unanipa nafasi, na mimi nikanywa chai.

Niliyaona maneno yale ya onyo, dada. Niliyasoma mara mbili.

Mungu akurehemu, na unisamehe.

Mdogo wako