Koja Lililonuswa

Mtaa wa Mashariki,
Arasampatti,
Tamil Nadu.
27 Novemba 1988

Mpendwa Dada Vasuki,

Pokea salamu zangu kutoka chumba cha mbele, hapa hapa ulipokuwa ukitandika mkeka wako. U hali gani huko Penang? Shemeji hajambo? Mtoto ameshaanza kutabasamu? Mama anauliza kama joto la huko linakuacha ulale. Sisi sote tu wazima, ila magoti ya Bibi yanamuuma, ingawa hayamzuii kupanda mlima.

Mvua zimekuwa nzuri na bwawa limejaa. Ng'ombe amezaa ndama jike, na Baba alimwita Vasuki mpaka Mama alipomkataza. Hesabu nimepata themanini na moja.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ulipoondoka ulinishika kidevu ukasema kwamba jioni ya sikukuu ya taa ni mimi nitakayembebea mungu wetu Murugan koja lake mpaka hekaluni kileleni. Nimeingojea zamu hiyo tangu nina miaka saba.

Wiki moja kabla ya sikukuu akaja Nivedha, binti wa Mjomba, kutoka Madras. Ana saa ya mkononi, na nywele zake zimekatwa mabegani. Tangu alipofika, nyumba nzima ni Nivedha amekula, Nivedha amelala, Nivedha asikae chini pana vumbi. Godoro langu alipewa yeye. Kisha Bibi akasema koja atalibeba Nivedha kwa kuwa ni mgeni, na mimi nipo hapa kila mwaka. Mama aliniona jikoni akaniuliza kama nimelamba mwarobaini.

Lakini koja nililisuka mimi. Asumini mbili mbili kwa uzi wa mgomba, kama ulivyonifundisha, na kila nilipovuta pumzi niligeuza uso pembeni, maana harufu ya kwanza ni ya Murugan. Lilikuwa zuri, Dada. Hata wewe ungelionea wivu.

Tulianza kupanda jua likiwa bado kali. Nivedha alitangulia na koja juu ya jani la mgomba, kila mtu akimpisha, mimi nikifuata na chupa ya samli ya taa. Bibi alikuwa nyuma yetu akipumzisha magoti. Tulipofika kwenye banda la katikati ya ngazi, pale Raakkayi anapouzia maua, Nivedha aliliinua koja mpaka usoni, akafumba macho, akalinusa. Akaniambia linanukia tamu kuliko manukato ya mama yake.

Nilimwona, na hakuna mwingine aliyemwona. Kikapu cha Raakkayi kilikuwa hatua tatu kutoka kwetu, kimejaa asumini ambazo hazijaguswa na pua ya mtu. Nilinyamaza, nikaendelea kupanda.

Kileleni jua lilikuwa limefika juu ya minazi, na ukuta wa hekalu ulikuwa mwekundu. Watu walikuwa wameshajipanga kungojea taa kubwa ya mwambani, ambayo huwashwa jua likizama, Murugan akiwa ameshavishwa koja. Kuhani alinyoosha sinia apokee koja. Hapo ndipo nilipopata sauti.

"Bibi, Nivedha amelinusa."

Kuhani akarudisha sinia. Watu wote wakageuka. Nivedha aliuliza amekosa nini, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu nani angefikiri kwamba kuna msichana asiyejua? Machozi yakamtoka kimya kimya. Nitakuambia kweli, Dada: kwa muda mfupi nilifurahi.

Bibi hakumtazama Nivedha. Alinitazama mimi.

"Ulimwona wapi?"

"Bandani, Bibi."

"Kwa Raakkayi."

"Ndiyo, Bibi."

Akageuka kulitazama lile banda kule chini, dogo kama kiberiti. Hakunikemea. Heri angenikemea. Alisema tu kwamba jua halimngojei mtu, na nyuma ya hekalu kuna kichaka cha arali chenye maua mekundu.

Tulikimbia. Nivedha alichuma, mimi nikasuka kwa uzi uliobaki kiunoni mwangu. Nilipoinua macho nilimwona anageuza uso pembeni kila anapovuta pumzi, wala sikuwa nimemfundisha. Akaniuliza mwaka jana alibeba nani. Nikamwambia ni wewe. Akauliza kama mwaka huu ilikuwa zamu yangu.

Nikakaza fundo la mwisho. Koja lilipokwisha, lilikuwa fupi kama mkono wa mtoto, na Nivedha akaninyooshea nilibebe. Mikono yangu iliinuka yenyewe. Kisha nikakumbuka kile kikapu, nikaishusha.

"Abebe mgeni," nikasema.

Nilisema kama mtu mwema, lakini alipoingia mlangoni nilikuwa bado nalitaka lile koja. Jua lilizama, taa ikawaka, wote wakaimba, nami nikaimba nikitazama mgongo wake.

Lile koja la asumini halikutupwa. Nywele za Nivedha ni fupi, kwa hiyo Bibi alilifunga kwenye msuko wangu, taratibu. Njia nzima ya kushuka watu walinisifia. Raakkayi mwenyewe aliniita, akasema hajawahi kuona koja lililosukwa vizuri hivyo. Nilitamani kulivua.

Bibi bado hajasema nani atabeba mwakani. Mimi natumaini tu, na kila jioni nampaka mafuta magotini bila kuitwa. Nivedha ataondoka Jumatatu. Ameniomba nimfundishe kusuka, na jana nilianza kumfundisha.

Humu ndani nimeweka asumini tatu za lile koja. Zinuse bila hofu, Dada, hata kama zimekauka.

Nisalimie Shemeji, mbusu mtoto, na mama mkwe wako mshike miguu kwa heshima kwa niaba yangu. Baba, Mama na Bibi wanakusalimu. Murugan auangalie mlango wenu usiku na mchana.

Mdogo wako akupendaye,
Ponni