Jina Uliloliita, Baba

JOSPHAT WANJALA (BABA LENAH), TONGAREN

Leo mwaka umetimia, Baba, tangu basi la kwaya ya pamoja ya makanisa yetu ya Kitale na Bungoma lipinduke karibu na Webuye, mkitoka kuimba mazishini, tukakupoteza wewe na wenzako wanane.

Bado tunakusikia ukikohoa mara mbili langoni ili chai ipashwe moto kabla hujavua gambuti. Majirani wanaiulizia ile mashine yako ya kupukuchua mahindi, uliyoizungusha boma hadi boma ukianza na wajane. Kwaya imepata mtu mwingine wa kuanzisha nyimbo, na sasa zinaanza mahali ambapo watu wanaweza kuzifikia. Wewe ulizianza kwa sauti ya chini mno na hukukubali kurekebishwa.

Mama amekuwa na mwaka mgumu, na hatutakuficha: mwaka wake umejaa wivu. Wivu huo ulianza siku ile ya ibada ya pamoja Kitale, majeneza tisa yakiwa safu moja. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema "ndugu zetu". Mama akamnong'onezea binti yako Emmy, "Mimi sina ndugu hapo. Niko na bwana yangu." Aliona unaliliwa hata na watu wasiojua unapenda chai ya namna gani, na hilo lilimuuma.

Kisha akasikia habari za Rosaline Wahu, muuza viatu wa Kitale aliyeketi kando yako. Walisema mlibanwa pamoja kwa muda mrefu, naye akakushika mkono mpaka mwisho. Wanakwaya walimshukuru Mungu kwamba hakuwaacha peke yenu. Mama hakutaka kusikia.

"Ati Mungu alikuwa huko," alisema. "Na mimi nikipalilia huku, alikuwa ametumwa wapi?"

Mwaka mzima hakumpa Rosaline mkono. Kila ibada ya pamoja, watu wakitakiana amani, Mama aliinama kufunga kiatu kisicho na kamba.

Jumamosi iliyopita Rosaline alikuja mwenyewe, akichechemea kutoka barabarani na kilo mbili za sukari. Mama alimpa kiti. Chai ilikuwa jikoni lakini hakumpa.

"Mama Lenah, mimi nilikukosea," Rosaline akasema. "Mzee alikuwa anaita Phelista, Phelista. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Mimi nikaitika."

Unajua, Baba, mbele za watu ulimwita Mama Lenah kama kila mtu. Phelista lilikuwa jina la mkibaki wawili. Rosaline hakujua ni la nani mpaka liliposomwa siku ya mazishi, na tangu hapo aliona aibu kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe bila kubisha.

"Uliitika namna gani?" Mama akauliza.

"Nilisema, niko hapa. Akanishika na nguvu, akatulia. Mimi sijawahi kuitwa na mtu hivyo. Nilikuonea wivu, Mama Lenah, hata gari likiwa juu yetu."

Chai ilifurika jikoni na kuzima moto, Mama hakuinuka. Akalia, nasi tukalia. Kisha akapangusa uso kwa leso.

"Mwaka mzima nimemuuliza Mungu alikuwa wapi," alisema. "Kumbe aliniwekea mtu wa kuniitikia."

Akammiminia Rosaline chai kwa kikombe chako, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa tangu uondoke. Rosaline alipomaliza kunywa, Mama alikiosha mwenyewe na kukirudisha kabatini.

Unakumbukwa na mkeo Phelista, wanao Lenah, Emmy na Ian, mkwe wako Kigen, wajukuu wako, na majirani wote wa Tongaren. Mama ametuagiza tumwongeze Rosaline Wahu wa Kitale, lakini mwishoni, mbali kidogo na jina lake yeye Mama.

Hatutakusahau, Baba. Na Mama anasema siku mtakapoonana uliite tena jina lile. Safari hii ataitika mwenyewe.