Kipande Chenye Mhuri: Kwa Mama Yetu Yusta wa Mikumi

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Machi ulipoweka chini sinia la mchele, ukasema kichwa kinakuuma, na kabla ya saa sita mchana ukawa umetutoka. Ulikuwa na miaka sitini na mitatu. Ule mchele wa Tindiga ulikuwa haujaisha kuchambuliwa. Mwanao Elia aliumalizia kesho yake, kwa kuwa waombolezaji walikuwa wanafika na ilikuwa lazima wale.

Msibani yalisemwa mengi mazuri juu yako, na tunawashukuru waliosema. Lakini wewe hukupenda habari ya kukisia, kwa hiyo tunasahihisha mawili. Ilisemwa kwamba hukuwahi kukasirika. Ulikasirika, tena mara nyingi, hasa kwa utingo wa malori aliyeagiza chai kabla ya kukuamkia. “Chai ipo,” ulimwambia, “ila shikamoo ndiyo sijaisikia.” Alipoitoa, uliitikia marahaba na kumwongezea andazi.

Ilisemwa pia kwamba hukupenda kitu chochote cha dunia hii. Hilo nalo si kweli. Ulipenda soda ya machungwa yenye baridi kali kila Jumapili baada ya ibada. Ulipenda kitenge chako cha kijani chenye picha za tausi, na hukumwazima mtu, hata Natalia binti yako. Ulipenda redio, ulipenda hereni, ulipenda kusifiwa pilau. Tofauti yako na wengi wetu ilikuwa kwamba vitu hivi ulivitumia, na vyenyewe havikukutuma popote.

Kwa wasiokujua: Mama alikuwa mzaliwa wa Lumuma, akaolewa Kimamba na baba yetu Yeremia, mkulima wa mkonge wa mashamba ya zamani, kisha wakahamia Mikumi. Hapo, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, aliendesha mgahawa wa mabati kwa miaka ishirini na sita. Meza zilikuwa saba.

Ulikuwa na utaratibu wako, Mama. Buchani ulichagua nyama ambayo mkaguzi ameshaipiga mhuri, na ulihakikisha unapewa kipande kimoja chenye ile alama ya zambarau. Kipande hicho kilipikwa mwisho. Mpaka hapo kilining’inia kwenye ndoano, ndani ya kabati la wavu, mhuri ukitazama mlangoni ili kila anayeingia auone. Siku ambayo mkaguzi hakufika, ulichukua chaki ukaandika kwenye ubao wa nje: LEO HAKUNA NYAMA. Hukuongeza maelezo wala kuomba radhi.

Goodluck, dereva wa lori la Tunduma, hakukuacha hivihivi.

“Mama Mhuri! Leo tena maharage? Nitakwenda natoa gesi mpaka Tunduma!”

“Afadhali, mwanangu. Utaokoa mafuta.”

Alikula maharage yako miaka kumi na minne. Msibani alikuja na lori lenye mzigo, akaliegesha mbali ili lisizuie watu, akalia kuliko baadhi ya ndugu.

Jambo tunalotaka kulishukuru leo kuliko yote linamhusu Elia, kitinda mimba wako. Yeye mwenyewe ameomba liandikwe, na amesoma kila mstari.

Elia alikuwa na miaka ishirini na tisa aliporudi kutoka Morogoro kukusaidia. Mwaka huohuo ng’ambo ya barabara ulifunguliwa mgahawa mwingine, wenye runinga kubwa na taa zinazobadilika rangi. Kila jioni alisimama mlangoni akihesabu magari yanayoegesha kule. Hakuwa na njaa, wala hakuwa na shida. Kilichomuuma ni kwamba rafiki zake walipita wakampungia mkono, wakaenda kuketi kule.

“Mama, biashara siku hizi ni muonekano.”

“Muonekano unaliwa na ugali?”

“Unaleta watu.”

“Na watu wakishafika, nitawapakulia nini?”

Hakukubali. Aliagiza kibao cha taa chenye jina lake, akanunua raba nyeupe, na moyoni akajiambia kwamba wewe ni mtu wa zamani, na imani yako inafaa kanisani, si barabarani. Hayo ni maneno yake, tumeyaandika kama alivyotutajia.

Ikafika Jumatano moja ulipokuwa kwenye ibada ya jumuiya. Mtu wa pikipiki alisimama nyuma ya jiko akiwa na kiroba. Ndani yake kulikuwa na mguu wa swala. Lori lilikuwa limemgonga alfajiri kwenye kipande cha barabara kinachopita hifadhini. Kila mtu Mikumi anajua kwamba mnyama wa namna hiyo hata akifa barabarani ni mali ya serikali, na kila mtu anajua pia wako wanaomchukua. Yule mtu alimwambia Elia, “Kaka, wateja wa ng’ambo wanaulizia hii kitu kila siku. Ukiwa nayo wewe, wanahamia kwako.” Elia aliipokea, akaiweka ndani ya friji la soda.

Ulirudi saa nne, ukafungua friji.

Uliugeuza ule mguu upande huu na huu. Kisha ukauliza swali lako la kila siku, kwa sauti yako ya kila siku:

“Mhuri uko wapi?”

“Mama, hakuna aliyeua. Gari ndilo limegonga.”

“Nimeuliza mhuri.”

“Hauna. Lakini ingeoza bure pale barabarani!”

“Ioze kwa mwenyewe. Hapa imefikaje?”

“Mama, wote wanafanya!”

“Wote sikuwazaa. Lete beseni.”

Ungeweza kuufukia ule mguu nyuma ya choo. Elia alikuomba hivyo, na Baba naye alikuomba hivyo, kwa kuwa kukutwa na nyara ya serikali ni kosa linaloweza kumfunga mtu miaka mingi. Hilo ulilijua vizuri kuliko wao. Uliandika LEO HAKUNA NYAMA, ukafunga jiko, ukamtwisha Elia beseni, ukatangulia mbele kuelekea kwa askari wa wanyamapori. Mlikwenda kwa miguu, katikati ya mji, saa tano mchana, na kanga tu juu ya beseni.

Elia anasema alichokiona njia nzima ni raba zake. Beseni lilikuwa linavuja, na maji mekundu ya nyama yalidondokea juu yake tone kwa tone. Alizinunua ili watu wamtazame, na siku hiyo walimtazama.

Natalia Mkaguru, jirani yetu na wajina wa binti yako, alitoka dukani kwake akapaza sauti: “Mama Elia! Unampeleka mwanao jela kwa mguu wa swala?”

“Huu wa kwanza anaweza kuusema akasamehewa,” ulijibu bila kusimama. “Ngoja afike wa kumi.”

Hukuwa na hakika, Mama. Watu wanaosimulia habari hii husema ulijua Mungu angemtoa. Hukujua. Ulimwambia dada yake baadaye kwamba njia nzima ulikuwa ukijiuliza utamwambia nini Baba ukirudi peke yako.

Elia alieleza yote yeye mwenyewe. Alilala mahabusu siku mbili. Ulimpelekea chakula mara nne, na askari mmoja kijana akakutania: “Mama, hii nayo ina mhuri?” Ukamwambia, “Ni maharage, mwanangu. Karibu.” Shauri lilichukua miezi minne. Mwishowe Elia hakushtakiwa, alisimama mahakamani Kilosa kama shahidi dhidi ya yule mtu wa pikipiki, akasema ukweli mbele ya watu, akarudi nyumbani.

Baba hakukuongelesha wiki mbili. Alikuwa akila kwa jirani. Siku ya kumi na tano alirudi mezani, ukampakulia, akasema, “Chumvi imepungua.” Ukamsogezea chumvi. Hivyo ndivyo mlivyopatana, na Baba ametaka hilo nalo lisiachwe.

Wateja walipungua kwa muda. Kwenye jumuiya uliombwa useme kitu juu ya jaribu hilo. Ulikataa mara mbili, ya tatu ukasimama. Natalia, binti yako, alikuwepo, akaandika maneno yako jioni hiyohiyo, kwa hiyo hatuyakisii:

“Mimi si mhubiri, nitasema la jikoni. Dunia haiji kwako na pembe. Inakuja imefungwa vizuri, inanukia, na aliyeileta anakuita mama. Sisemi tusile, tusivae, tusicheke. Nasema mtu hutumwa na kile anachokipenda zaidi. Mimi nikiwapenda wateja kuliko Bwana wangu, wateja watanituma, na leo wangenituma nipike kitu cha wizi. Bwana anajua nilichopika. Mteja hajui. Ule mhuri ninautundika kwa ajili ya mteja, lakini ninaununua kwa ajili ya Bwana.”

Ukaketi. Mchungaji alisubiri uendelee, ukamwambia umemaliza.

Kwa miaka mitatu baada ya hapo ulifanya kazi na Elia bega kwa bega. Hukumkumbusha lile jambo hata mara moja. Kibao chake cha taa kilipofika ulimruhusu akitundike, ukasema rangi ni nzuri. Kitashu, mfugaji wa Tindiga aliyekuletea maziwa, alimuuliza Elia mbele yako kama bado anapenda swala. Wewe ndiye uliyejibu: “Kitashu, pima maziwa.” Mazungumzo yakaishia hapo. Leo Elia anasema ukimya wako ulimsaidia kuliko mahubiri yoyote, na tunamwamini, kwa kuwa tuliuona ukifanya kazi.

Sasa tukueleze la mwaka huu, ambalo hukuliona.

Mwezi wa nane Elia alipata oda ambayo alikuwa akiiota tangu arudi kutoka Morogoro. Kundi la watu arobaini waliokuwa wakienda semina Iringa lingesimama kwetu kula mchana, na wangependa pilau ya nyama. Walioliandaa waliuacha mgahawa wa ng’ambo ya barabara, wakaja kwako. Elia aliamka mapema, akachemsha mchele ukaiva nusu, akaenda buchani. Mkaguzi alikuwa amefiwa, amesafiri. Nyama ilikuwepo, nzuri, ila haikuwa na alama.

“Elia, huyu ng’ombe nimemchinja mwenyewe,” mwenye bucha alimwambia. “Hata wewe jana umemwona akitembea.”

“Nilimwona.”

“Alikuwa mgonjwa?”

“Hapana.”

“Sasa?”

Elia alimpigia simu dada yake. Natalia anafanya kazi ya maabara huku Kilosa, na ndiye anayeandika haya kwa niaba ya wote. Alimuuliza Elia maswali matano juu ya yule ng’ombe, akayapima majibu, akamwambia kwamba kwa ushahidi uliopo nyama hiyo karibu hakika ni safi, apike. Hakukuwa na wizi hapo, wala mtu wa kudhurika. Hivyo ndivyo ushauri ulivyokuwa, na ulitoka kwa mwanao uliyemwona makini kuliko wote.

Elia akasema, “Dada, hesabu yako naikubali. Lakini mimi najijua. Sitaki kuipika kwa sababu ni safi. Nataka kuipika kwa sababu wateja ni arobaini.”

Akakata simu.

Aliandika ubaoni kwa mwandiko wake mbaya: LEO HAKUNA NYAMA. Akaweka maharage mengi jikoni, akaivisha ule mchele mweupe. Gari lilipofika, kiongozi wao alisoma ubao, akaingia, akatazama ndoano tupu.

“Kaka, tuliagiza pilau.”

“Ni kweli. Mkaguzi hakufika. Nimekosea kutowapigia mapema, naomba radhi.”

“Hata kidogo hakuna?”

“Ipo buchani. Mimi sikuichukua.”

Ishirini na mmoja walivuka barabara. Kumi na tisa walikaa, wengine kwa uvivu tu wa kuvuka, wakala maharage. Elia aliwatazama wale wanaovuka, hakuwahesabu, akarudi jikoni. Anasema alisubiri ule uchungu wa zamani umshike, haukuja. Jioni alimpigia tena Natalia, si kwa kujisifu, kumwambia tu kwamba maharage yalibaki kidogo. Tangu siku hiyo Natalia ameacha kusema kwamba utaratibu wako ulikuwa wa afya tu.

Mama, tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Tunashukuru kwa beseni lile na kwa ile saa tano mchana. Ungeufukia ule mguu, tungekuwa na ndugu asiye na doa mjini, lakini angekuwa hawezi kukata simu kama alivyoikata.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika Jumamosi hii saa nne asubuhi, nyumbani kwetu Mikumi, na ndugu, jamaa na marafiki wote mnakaribishwa. Chakula kitakuwepo. Kuhusu nyama hatuahidi. Elia atasema asubuhi hiyo, akishauona mhuri.

Unakumbukwa na mumeo Yeremia, wanao Natalia na Elia, mjukuu wako Brightness, ambaye sasa ndiye anayekunywa ile soda ya Jumapili, wadogo zako Sipora na Abeli wa Lumuma, wanajumuiya wenzako, Kitashu na familia yake, na Goodluck, aliyetutumia ujumbe jana kutoka Tunduma kuuliza maharage yataiva saa ngapi.

Ndoano yako iko palepale, Mama. Iwe na kitu au iwe tupu, tukiitazama tunakuona wewe.