Daftari la Mistari Minne

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, halafu nikabaki nasubiri marahaba kama mjinga.

Niko hapa Mkolani tangu wiki iliyopita. Mama hajambo, ila amepungua. Ule uji wa ulezi uliokuwa unalalamika kwamba ni mzito, sasa anaupika mwepesi, kana kwamba wewe ndiye utakayeunywa. Mimi nimeomba likizo pale dukani Igogo nije kufanya ile kazi uliyoniomba. Ndiyo, hiyo hiyo. Usinicheke.

Nimeweka kwenye kompyuta ile programu ya kuandikia muziki wa ukulele, kile kigita chako kidogo. Unajua imechukua muda gani, Baba? Bando la siku moja tu, na hata saa moja haikuisha. Nilikuzungusha karibu miaka miwili kwa kazi ya saa moja.

Bado nakuona siku ile ulipokuja dukani. Umevaa koti lako la kijivu la kwendea kanisani, daftari umelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Hukuja moja kwa moja kaunta kama baba wa mtu. Ulipanga foleni nyuma ya watu wa kutoa kopi. Zamu yako ilipofika ukalitoa daftari, ukasema, "Kabula, wewe unawachapia watu wote wa Igogo. Nichapie na mimi nyimbo zangu." Mezani nilikuwa na kadi za harusi za mteja. Nikakujibu, "Baba, hapa ni kazini. Tutafanya Jumapili." Ukasema sawa. Ukalifunga tena daftari lako, ukampisha aliyekuwa nyuma. Siku hizi nikiona mzee kwenye foleni ameshika mfuko wa plastiki namhudumia kwanza, na wateja wengine wananinunia.

Na hizo Jumapili tunazijua wote wawili. Nilikuwa napita baada ya ibada, mkoba begani, nakunywa chai nimesimama mlangoni. Wewe unaitoa ukulele kwenye msumari wake, unanisogezea kigoda kwa mguu. "Kaa kidogo nikupigie kitu." Na mimi najibu, "Nakuja, Baba." Nakuja, na huku nimeshavuka geti.

Watu walikutania nayo tangu ulipokuwa unafundisha Magu, alipokuachia ukulele hiyo yule mwalimu wa kigeni. Walikuuliza gita lako litaacha kunyonya lini. Ukawajibu kwamba likiachishwa ziwa litakuja kuwaimbia misibani. Kwenye msiba wako halikuimba, Baba. Hakukuwa na mtu wa kulipiga, na huyo mtu nilipaswa kuwa mimi.

Tulipotoka kukuzika nikafanya kosa lingine. Nilisoma kwenye simu kwamba ala isiyopigwa ilegezwe nyuzi ili shingo isipinde. Nikazilegeza zote nne, nikajipongeza kwamba nakutunzia mali yako.

Sasa sikia. Programu iliniuliza ukulele ina nyuzi ngapi, nikajaza nne. Ikauliza kila uzi umekazwa kwa sauti gani, na yenyewe ikanijazia majibu ya ukulele za dukani. Nikakubali bila kusoma. Nikaingiza wimbo wako wa kwanza, ule wa kuvuna mpunga, kama ulivyouandika: mistari minne ya rula, kila mstari ni uzi mmoja, kila namba ni mahali pa kubonyeza. Nikaiambia icheze. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani huyo anaharibu wimbo wa baba yako?"

Ndipo akili iliponijia. Ukulele yako ilikuwa haina nyuzi za dukani tangu zilipokatika zile za kwanza. Ulikwenda kwa wauza nyavu ukanunua mishipi ya kuvulia samaki, mwembamba kwa uzi wa chini, ule mnene wa sangara kwa uzi wa juu, ukaikaza unavyojua wewe. Namba zako zinasema nibonyeze wapi tu. Sauti zenyewe zilikuwa kwenye ile mishipi, na mishipi nilikuwa nimeilegeza kwa mikono yangu. Nililia, Baba. Si kile kilio cha msibani, cha mbele za watu. Nililia kwa kujichukia.

Mama ndiye aliyenitoa kwenye kilio hicho. Alivuta kigoda akakaa, akasema, "Baba yako alikuwa ananiambia niimbe kwanza, ndiyo anakaza. Haya, kaza." Akaimba ule wa mpunga. Mimi nikakaza uzi nikifuata namba zako na sauti yake, nikapitiliza, nikalegeza, akanikaripia kama alivyokuwa anakukaripia wewe. Kila uzi ulipokubali, kipima sauti cha kwenye simu kilinitajia jina la sauti ya uzi huo, nikaliingiza kwenye programu. Ilituchukua siku mbili. Kumbe ule wa sangara una sauti nzito kuliko zote, wakati programu iliupa sauti nyembamba. Sauti ya Mama imeshuka tangu uondoke, kwa hiyo nadhani ukulele yote imeshuka naye. Tumeiacha hivyo hivyo.

Nyimbo tano za mwanzo Mama anazijua. Pale sauti inapotakiwa kuvutwa, au kupita haraka, alikuwa anapiga paja lake nifuate. Maana hilo nalo hukuliandika. Namba zako hazisemi kila sauti idumu kiasi gani, hilo ulikuwa nalo kichwani. Tulipoucheza tena ule wa mpunga ulikuwa wewe kabisa, Mama akasahau mboga jikoni ikaungua.

Halafu nikafika mwisho wa daftari. Juu umeandika kwa kalamu yako nyekundu ya kusahihishia: Wa Kabula. Hauna maneno. Ni namba tu, kurasa mbili, umefuta na kurudia mpaka karatasi imetoboka. Nikaziingiza zote. Programu isipoambiwa, inazipa sauti zote urefu mmoja, kwa hiyo wimbo wangu ulitoka kama mwalimu anayeita majina asubuhi. Nikamwita Mama aje na paja lake. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huo sijausikia hata siku moja. Alisema ni wako. Atakupigia siku utakayokaa."

Nimejaribu kukisia. Nikavuta hapa, nikafupisha pale. Ukaanza kupendeza, lakini nikaona kwamba anayeutunga sasa ni mimi. Nikafuta nilichobadilisha, nikaurudisha ulivyotoka. Ningekaa Jumapili moja tu, Baba, chai moja, leo ningekuwa naujua. Nisamehe. Najua ungeshasamehe hata kabla sijamaliza kusema, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Zile nyimbo tano nitazichapa vizuri, kila mwanakwaya wa kanisani kwetu apate nakala yake, na jina lako juu. Wa kwangu sitaukisia tena. Utabaki na sauti zake zote sawa, maana ndicho nilichobakiwa nacho. Ukulele imerudi kwenye msumari wake, nyuzi zimekazwa, na shingo ikitaka kupinda na ipinde. Nakuahidi kila Jumapili nitakuja hapa, nitaweka mkoba chini, nitaipakata na kuupiga polepole, namba moja baada ya nyingine, mpaka vidole vyangu viuzoee kama vyako.

Lala salama, Baba. Barua hii nimeiandikia kwenye kigoda chako, tangu asubuhi, na chai yangu imepoa.

Nimekaa.

Mwanao,
Kabula