Ngumi ya Yule Dada

S.L.P. 418,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yule fundi wa dirisha, amerudi kulimalizia au bado anakupiga chenga? Sisi huku wazima. Baba anakoroma kama kawaida na hataki kuambiwa.

Shangazi, leo nitajisifu, kwa hiyo keti vizuri.

Kazi yangu unaijua: filamu ikishapigwa picha, mimi huingia chumba cha sauti, nikatazama na kuitengenezea milio. Milango, nyayo, ngumi. Majuzi tuliletewa filamu ya mapigano ambayo shujaa wake ni mwanamke, mpelelezi. Anakimbia juu ya mapaa na buti zake, kisha analiangusha jibaba kwa ngumi moja. Nilifurahi mno.

Bosi wetu, tunayemwita Kimya kwa sababu hukemea hata anayepumua, akaniambia nirekodi nyayo zake kwa viatu vya visigino virefu. Visigino, Shangazi, na mtu kavaa buti! Eti watazamaji wasiposikia ko-ko-ko watasahau kwamba ni mwanamke. Ngumi nayo akaitaka iwe kama kofi la kuchezea.

"Ngumi ya mwanamke haina kishindo, mama. Ukikaidi, kazi nampa mwingine."

Nilirudi nyumbani mnyonge. Miaka sita nimeisubiri filamu kama ile, na kibarua kuota nyasi nako naogopa.

Asubuhi nikamfuata, nikamtolea uvivu. Nikamwomba aniwekee sauti ya ngumi anayojivunia kuliko zote, ya shujaa wa filamu ya mwaka jana. Akaiweka. Puu! Nikamwuliza aliyepiga ni nani. Akanitajia mwigizaji. Basi nikauvuta mfuko wetu wa ngozi uliojaa mchanga, nikakunja ngumi kwa mkono wangu huuhuu, nikautwanga. Puu! Ileile.

"Bosi, ngumi zote za wanaume wako nimezipiga mimi."

Akautazama mkono wangu, kisha ule mfuko. Si kwamba hakujua, hakuwahi tu kulifikiria. Akaniambia haya, fanya unavyotaka, lakini filamu ikichekwa nisirudi kazini.

Juzi ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza, ukumbi umefurika. Nilikaa nyuma, roho juu. Buti zikapita kwenye mabati, nzito, za kweli. Ngumi ilipotua, mzee mmoja mbele yangu akajishika taya! Watu wakasimama wakipiga makofi. Nililia, Shangazi, wala sikuona haya.

Nisalimie mapacha wote wawili, na jirani yako mshonaji mwambie gauni lake ndilo nililovaa siku hiyo. Mungu akutunze, akupe hatua nyepesi.

Nilitaka kufungia hapo, ila hili la jana siwezi kuliacha. Tumeletewa filamu nyingine, ya shujaa mwanaume. Mwenye filamu katoa agizo moja tu, na aliyeniletea ni Kimya, macho chini:

"Anataka huyu naye apige kama yule dada."

Mwanao akupendaye, mkono bado umevimba.