Kiti Nilichokununulia, Baba

Mpendwa baba,

Leo ni Ijumaa, na nimetoka kusoma kurasa za shajara yangu ambazo kwa muda mrefu nilikuwa nikizipita. Ni za mwaka ule nilipokutoa mtaa wa Bahati nikakuleta kwangu mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Kuna kosa nililolifanya mwaka huo ambalo nilichelewa kuliona, na ulipokuwa hai sikuwahi kulitamka mbele yako.

Nakukumbuka ulivyokuwa nikiwa msichana. Ulitoka Bahati asubuhi kwa miguu, ukapita Shauri Moyo, ukapita Pumwani, hadi soko la Kariokor kwenye kibanda chako cha akala, viatu vya mipira ya gari. Jioni ulirudi kwa njia ileile, na kabla hujavua koti ulikuwa umetupa habari za njia nzima: nani amejifungua, nani ameandikwa kazi reli, nani amekosana na mkewe kwa sababu ya kuku. Mama alikuwa akisema nyumba hii haihitaji redio. Wateja hukuwaandika popote. Mtu alikanyaga kipande cha mpira wa gari mara moja, ukamchora mguu kwa chaki. Akirudi baada ya miaka miwili, ulimkatia bila kumpima. Mimi nilikuwa kidato cha pili, natoka jasho kukariri mito na milima, nikakuuliza unakumbukaje.

"Mama," ukasema, maana nina jina la mama yako, "mtu uliyeongea naye utamsahauje?"

Kisha mama akatutoka. Mimi nilikuwa tayari karani kiwandani, nina nyumba yangu, nikaona zamu yangu ya kukutunza imefika. Unajua watu wetu wanavyosema: mtoto yuko ofisini, na babake bado anabeba mipira kuukuu begani! Nikakununulia kiti cha mito, nikakiweka penye dirisha. Nikakununulia ndara laini za kuvaa nyumbani. Visu vyako nilimpelekea rafiki yako Okumu, jirani yako wa kibanda, bila kukuuliza.

"Nikae hapa nikingoja nini?"

"Upumzike, baba. Umechoka."

"Nani amekwambia nimechoka?"

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Haikuchukua miezi mingi ukaanza kunipotea. Niliandika kila jambo chini ya siku yake, kama muuguzi. Jumatatu: ameuliza mara tatu kama leo ni Jumapili. Alhamisi: ameniita kwa jina la marehemu mama. Jumatano: ameshindwa kutaja barabara ya Jogoo, akasema "ile kubwa, ile ya mabasi". Kanisani nikawaambia ni uzee, wakatuombea. Jambo ambalo sikuliandika ni kwamba kila siku nilikuwa nikiondoka alfajiri na kurudi jioni, na kati ya hapo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kukuambia hujambo.

Halafu maji yakakatika Umoja wiki nzima. Nikiwa kazini, ulichukua debe ukaenda kupanga foleni kwenye mfereji wa mbali, kila siku. Nilikulalamikia: watu watanionaje? Wewe ukawa unanieleza foleni, mtu baada ya mtu, mpaka yule mwanamke aliyetaka kupita mbele akidai ameacha mapacha nyumbani, na watu wakamwambia, "Walete hao mapacha, nao wapange!" Ulicheka mpaka ukakohoa. Mfereji wetu ulipofunguka, ukarudi kitini.

Nina tabia ya kuisoma shajara yangu kwa kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Siku nilipoifikia wiki ile, sikukuta kosa lako hata moja. Siku saba nilikuwa nimeandika neno moja tu, maji. Nilirudi nyuma zaidi, hadi mwanzo. Makosa hayakuanza na uzee. Yalianza na kiti.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kariokor. Okumu alikuona kwa mbali akasimama na mpira mkononi.

"Ala! Kumbe bado uko? Sisi tulishakula matanga yako!"

"Na hamkuniwekea hata mfupa?" ukamjibu papo hapo.

Vibanda vyote vilicheka. Okumu akavuta gunia chini ya meza, akatoa visu vyako. Alinitazama mimi, si wewe. "Nilijua atavijia," akasema.

Ulianza kwenda siku tatu kila wiki, kipande cha njia kwa basi, kipande kwa miguu. Nilikuwa nimedhani kichwa chako kinakwenda chenyewe. Kumbe kilikuwa kama saa ya ukutani, na miguu yako na salamu za watu ndizo zilizokuwa zikikitia ufunguo. Jina la barabara ya Jogoo lilirudi. Utani ulirudi. Lakini si wote waliorudi, baba. Kuna watu wa njia yako ya zamani waliokusimamisha kwa furaha, ukawashika mkono na kutabasamu kwa adabu, nami nikaona kwamba huwajui. Hukuwahi kunilaumu. Laiti ungenilaumu.

Siku hizi, tangu tukuzike, Jumamosi napita njia ile kwa miguu. Wiki iliyopita, pale Pumwani, mwanamke mmoja alinikamata mkono. "Wewe si binti ya yule fundi wa akala? Mimi kiatu changu cha kwanza cha shule ni yeye alinitengenezea, na hakutaka hata senti." Aliniuliza maswali mengi juu yako, mwisho akasita kidogo. "Alikuwa akinitaja?"

Nikasema ndiyo.

Sijui kama ni kweli. Huenda ulitupa habari zake mara mia nami sikusikiliza. Huenda alikuwa mmoja wa wale waliokuponyoka ukiwa dirishani kwangu. Nilitembea hadi Kariokor nikijaribu kumkumbuka, nikashindwa, na wa kumuuliza ni wewe tu.

Nisamehe, baba. Nakuaga nikiwa bado na hamu ya kukusikia.

Binti yako